BOMBA LA HEWA BARIDI: LAFAA AU HALIFAI?

Wanachama wenye magari ya kuchukulia karafuu hushauriwa na wauzaji watie bomba jipya la kuvutia hewa, eti injini ipate hewa baridi. Kabla fedha ya msimu haijatoka mfukoni, twapenda kulieleza jambo hili.

Hewa ikipata moto hutanuka, ikawa nyepesi. Hewa ya digrii 60 ni nyepesi kwa kadiri ya asilimia 9 kuliko ile ya digrii 30, na nguvu ya injini hupungua nayo. Hapo wauzaji wasema kweli.

Lakini fungueni boneti mtazame. Magari mengi hutoka kiwandani na bomba ambalo mdomo wake uko nyuma ya taa au ndani ya madigadi, penye hewa ya nje. Mkiling'oa, mkatia filta ya wazi kando ya injini, injini itavuta hewa iliyokwisha pita katika rejeta, nayo ni ya moto. Mngurumo utazidi, na wengi huudhani kuwa ndiyo nguvu.

Bomba lililofanywa vizuri, lenye sanduku la kuikinga filta na mdomo utokao nje, laweza kupunguza joto gari likiwa mbioni. Lori lipandalo kilima polepole na magunia yake halipati faida kubwa, maana chini ya boneti pote pamekwisha shika moto. Na lenye tabo, hewa yake hupata moto kwa kushindiliwa, pengine hata kupita digrii 100. Kazi ya kuipoza ni ya intakula, ile rejeta ya hewa. Bora isafishwe tope.

La kuogopwa zaidi ni mdomo uliowekwa chini karibu na bamba. Wakati wa masika gari likipita dimbwini, injini huvuta maji, na maji hayashindiliki kama hewa: konrodi hupinda, na injini ndiyo basi.

Asiyesadiki na apime. Fundi mwenye chombo cha kusomea kompyuta ya gari aweza kuona joto la hewa iingiayo. Pimeni bomba la zamani na jipya, njia ile ile, saa ile ile, gari likienda na likisimama. Ikiwa la zamani laizidi hewa ya nje kwa digrii chache tu mwendoni, hapana haja ya kununua. Badilisheni filta iliyojaa vumbi, na mpira wa bomba uliopasuka utiwe mwingine, maana mpasuko ule huingiza hewa ya moto na mchanga pamoja.