Kuhifadhi Rekodi za Sauti katika Ghala la Mbali: Daraja Gani, kwa Muda Gani?

Akiba haiozi, walinena wahenga. Lakini akiba iwekwayo katika kile kiitwacho «wingu», yaani katika kompyuta za kampuni zifikiwazo kwa intaneti, hudumu kadiri kodi yake inavyolipwa. Idara ya lugha inayorekodi masimulizi ya wazee haina budi kulifahamu jambo hilo mapema, maana msimulizi akishafariki hawezi kurekodiwa mara ya pili.

Kampuni ya Amazon ilianza kukodisha ghala lake liitwalo S3 mwezi wa Machi 2006. Mwezi wa Agosti 2012 ikaongeza Glacier, kwa ajili ya vitu visivyoguswa mara kwa mara, na mwezi wa Machi 2019 ikaongeza Deep Archive, lenye bei ya chini kuliko yote. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2024 kwa maghala ya Virginia, Marekani, daraja la kawaida lilitozwa dola 0,023 kwa kila gigabaiti kwa mwezi. Daraja la vitu vitumikavyo kwa nadra, dola 0,0125. Na Deep Archive, dola 0,00099.

Tofauti hiyo ni kubwa, lakini bei ndogo ina masharti yake. Kitu kilichowekwa katika daraja la pili hulipiwa siku 30 hata kikiondolewa kesho yake, na kila kisomwapo hutozwa tena. Katika Deep Archive muda huo ni siku 180. Tena, anayehitaji kitu humo hukiomba kwanza, kisha hungoja hadi saa 12, au hadi saa 48 akichagua njia ya bei nafuu.

Mfano uwe huu: idara ina saa 1000 za masimulizi, zilizorekodiwa kwa ubora wa kilohezi 96 na biti 24, kwa njia mbili. Kila saa huchukua takriban gigabaiti 2. Jumla ni gigabaiti 2000. Zikikaa zote katika daraja la kawaida, kodi ni dola 46 kwa mwezi, yaani dola 552 kwa mwaka. Zikikaa katika Deep Archive, kodi ya mwaka mzima haifikii dola 24.

Je, zipelekwe huko zote siku ya kwanza? La. Mwanafunzi anayeandika maneno ya msimulizi hurudia sentensi moja mara kumi; hawezi kungoja nusu siku kila mara. Kwa hiyo zitengenezwe nakala mbili. Nakala asilia, isiyopunguzwa ubora, ilazwe katika Deep Archive baada ya kuhakikiwa. Nakala ya kusikiliza, ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, ibaki katika daraja la kawaida: saa 1000 hazizidi gigabaiti 58, na kodi yake haifiki dola moja na nusu kwa mwezi. Nakala zote mbili zitagharimu takriban dola 40 kwa mwaka. Maandishi nayo, yakiwa faili ndogo ndogo, yabaki karibu, kwa kuwa Deep Archive huongeza kilobaiti 40 za maelezo kwa kila faili na kuzilipisha.

Ghala laweza kuamriwa lihamishe faili lenyewe baada ya siku kadhaa. Hata hivyo, amri hiyo huhesabu umri wa faili tu. Haijui kama kazi ya kuandika imekwisha. Ni watu wanaopaswa kuweka idadi ya siku kulingana na mwendo wa kazi yao.

Hatimaye kuna gharama ya kutoka. Kwa bei zile zile, gigabaiti 100 za kwanza za kila mwezi hutolewa bure, na kila inayozidi hutozwa dola 0,09. Kuzirudisha nyumbani gigabaiti 2000 kwa mwezi mmoja ni dola 171, mbali na ada ya kuziamsha: zaidi ya kodi ya miaka saba ya kuzilaza.

Basi kabla ya kulinganisha bei, idara ijiulize: nani ataihitaji rekodi hii, lini, na aweza kungoja muda gani? Kisha iulize nani atalipa kodi ufadhili ukikoma. Ikiwa jibu halijapatikana, nakala nyingine iwekwe katika diski chuoni, ingali rahisi kuitoa.