Gurudumu la Nyuma Lapanda Mto Kongo

Msomaji mpenzi, wewe ukaaye kando ya mto wajua shida ya chombo katika maji haba. Mtumbwi ukikwama katika fungu la mchanga, mnashuka, mnausukuma, na safari inaendelea. Lakini stima ya chuma, iliyojaa watu na mizigo na moto tumboni, ikikwama, nani ataisukuma? Swali hilo liliwasumbua sana mafundi wa karne ya 19, na jawabu walilopata lilikuwa gurudumu kubwa la vibao, lililofungwa nyuma ya chombo.

Meli za baharini huendeshwa kwa rafadha, yaani mapanga ya chuma yazungukayo chini ya maji. Kwenye kina kirefu hakuna neno. Mtoni, rafadha hugonga mchanga na kunaswa na magogo. Mafundi wengine waliweka magurudumu mawili ubavuni, moja kuume na moja kushoto. Hayo hayahitaji kina kirefu, lakini hukipanua chombo, na gogo lijalo na mkondo laweza kuyavunja. Basi ikaonekana heri gurudumu likae tezini, yaani upande wa nyuma. Hapo mwili wa stima hutangulia, na gurudumu hufuata kwa usalama, vibao vyake vikichota maji ya juujuu tu.

Lakini kila dawa ina uchungu wake. Gurudumu ni zito, nalo huikalisha stima kitako kama bata. Kwa hiyo bwela la kuchemshia maji liliwekwa mbele ili kusawazisha uzito, na mvuke ukapita katika bomba refu mpaka kwenye mashine zilizokuwa nyuma. Tena gurudumu moja husukuma mbele au nyuma tu, halisaidii kugeuka. Kazi hiyo ni ya usukani peke yake, na pembe za mto ni nyingi.

Ndiyo sababu mafundi wengine waliligawa gurudumu, wakaweka mawili sambamba hapo hapo nyuma, kila moja likizunguka kwa nguvu yake. Nahodha akitaka kugeuka, aliliendesha moja mbele na la pili kinyume, chombo kikajizungusha karibu pale pale. Ni kama watu wawili katika mtumbwi, mmoja apiga kafi kwenda mbele na mwenzake arudisha maji nyuma. Lakini mashine ziliongezeka, na uzito na gharama pia. Kwa hiyo stima nyingi ziliridhika na gurudumu moja.

Mto Kongo ni mfano mzuri wa mahali palipohitaji vyombo vya namna hii. Toka Kinshasa hadi Kisangani, mji ulioitwa Stanley Falls siku zile, ni safari ya zaidi ya kilomita 1,600, na njia imejaa visiwa na mafungu ya mchanga yahamayo. Lakini kati ya Kinshasa na bandari ya Matadi yako maporomoko ambayo chombo hakiwezi kuyapita. Basi, stima za kule juu zilifikaje?

Zilibebwa na watu. Zilikuja kutoka Ulaya vipande vipande, zikapandishwa milimani kwa miguu. Vipande vizito vilitiwa katika mikokoteni, vikavutwa kwa kamba. Vyepesi vilikwenda kichwani mwa wapagazi, pamoja na misumari, mabomba na vibao. Hivyo ndivyo stima En Avant ilivyofika, ikashushwa majini hapo juu mwaka wa 1881, na nyingine zikafuata. Reli ya Matadi ilikamilika mwaka wa 1898 tu. Kabla ya hapo, kila chuma kilichoelea juu ya maporomoko kilikuwa kimepita kwanza juu ya mabega ya mwanadamu.

Mwaka wa 1890 alifika huko baharia mmoja Mpolandi, Joseph Conrad, ambaye baadaye alipata sifa kwa vitabu vyake. Alitoka Matadi tarehe 28 Juni, akatembea na wapagazi, akafika Kinshasa tarehe 2 Agosti. Kesho yake aliondoka katika stima Roi des Belges, chombo kidogo cha tani 15 hivi chenye gurudumu nyuma. Walifika Stanley Falls tarehe 1 Septemba. Njiani Conrad aliandika katika daftari alama za mto: hapa mchanga, hapa mawe, hapa kuni.

Naam, kuni! Stima hizo hazikula makaa, zilikula msitu. Mchana zilisafiri, jioni zilifungwa ukingoni, na mabaharia wakaingia porini na mashoka kukata kuni za kesho. Mzungu alishika usukani na jina lake likaandikwa. Waliokesha wakipasua magogo majina yao hatuyajui.

Baadaye mzigo huo ukawaangukia watu wa vijijini. Nchi ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na stima zilishuka na pembe za ndovu, kisha na mpira. Vijiji vya ukingoni vililazimishwa kuleta kuni, samaki na chikwanga kwa ajili ya vituo na stima. Walioshindwa kutimiza kiasi walifungwa au kupigwa, na huko ndani kwenye mpira mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wengi walihama makwao, wakaacha mashamba yao kuwa pori.

Lakini chombo hakichagui abiria. Mwaka wa 1903 Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alitaka kuyaona hayo kwa macho yake. Hakupenda kupanda stima za serikali, ambako angeonyeshwa yale tu yaliyopendeza wenyewe. Akakodi Henry Reed, stima ya misioni moja ya Kiprotestanti ya Wamarekani, nayo pia ya gurudumu la nyuma. Akapanda mto, akashuka vijijini, akawauliza watu habari zao, akaandika waliyosema. Taarifa yake ilitangazwa mwaka wa 1904, ikaamsha kelele kubwa Ulaya. Mwaka wa 1908 Leopold aliondolewa katika utawala wa Kongo, nchi ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Taabu haikuisha siku ile, lakini watu wa mtoni walikuwa wamesikika.

Siku hizi injini za dizeli husukuma matishari katika mto ule, na gurudumu la vibao limekuwa habari ya wazee. Gurudumu lile lilipanda mto na wenye tamaa, likapanda pia na mtu aliyetafuta kweli, na safari zote lilizungushwa kwa jasho la watu wale wale. Basi, mwanao akikuonyesha picha ya stima ya zamani, akashangaa ufundi wake, mweleze habari ya gurudumu. Kisha mwulize swali moja: kuni zilikatwa na nani?