Maneno ya Kiingereza Yahusuyo Vitabu na Usomaji katika Nchi Jirani Zenye Urithi wa Kifaransa: Nafasi ya Kiswahili kama Lugha ya Kati

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kundi dogo la maneno ya Kiingereza yanayotumika kuzungumzia vitabu na usomaji, ambayo yanafanana kwa umbo na maneno ya Kifaransa lakini yametofautiana nayo kwa maana. Inaelezwa kuwa mfanano huo huweza kuwapotosha wanafunzi, wafasiri na waandaaji wa sera nchini Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Makala yanaonesha kwamba Kiswahili, kwa sehemu kubwa, kina istilahi zinazotenganisha maana hizo, hivyo kinaweza kutumika kama lugha ya kati ya kuzifundishia na kuzifasiria. Hata hivyo, kitenzi "kusoma" kinahitaji uangalifu wa pekee.

1.0 Utangulizi

Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022. Kifungu cha 137 cha Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya hiyo kinakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, na kinakitaka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Nchi zote tatu zilikuwa zimeendesha elimu na utawala kwa Kifaransa kwa miongo mingi. Rwanda iliamua mwaka 2008 kukifanya Kiingereza lugha ya kufundishia, na Burundi ikakiingiza Kiingereza miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2014. Kwa hiyo wapo walimu, wakutubi na maofisa wengi waliojifunza kuzungumzia vitabu kwa Kifaransa, na sasa wanatakiwa kufanya hivyo kwa Kiingereza.

Ugumu mkubwa katika mpito huo hautokani na maneno mageni. Neno geni humlazimisha msomaji kufungua kamusi, ilhali neno linalofanana na lile alijualo humpita bila kubisha hodi. Maneno ya aina hii ni mengi katika uwanja wa vitabu, kwa kuwa Kiingereza kiliyapata mengi ya maneno yake ya elimu kutoka Kifaransa na Kilatini, kisha kila lugha ikayaelekeza kwenye njia yake.

2.0 "Library" na "librairie": maktaba au duka?

Neno la Kiingereza "library" lina asili katika neno la Kilatini "liber", lenye maana ya kitabu, na lilipitia Kifaransa cha kale. Lilipoingia katika Kiingereza, mnamo karne ya 14, neno hilo katika Kifaransa lilitumika pia kwa mkusanyo wa vitabu. Baadaye Kifaransa kilitwaa neno lenye asili ya Kigiriki, "bibliothèque", kwa maana hiyo, na "librairie" likabaki kuwa jina la duka la vitabu. Kiingereza kiliendelea na maana ya zamani.

Kwa Kiswahili tofauti hiyo iko wazi: "maktaba" ni mahali pa kusomea na kuazima vitabu, na "duka la vitabu" ni mahali pa kuvinunua. Inafaa kukumbuka kwamba katika Kiarabu, chimbuko la neno "maktaba", neno hilohilo huweza kutaja duka la vitabu. Kiswahili kilipolipokea kilichagua maana moja na kuiacha nyingine.

Athari za kiutendaji si ndogo. Hati ya mpango inayozungumzia kuziimarisha "libraries" wilayani inahusu huduma ya umma inayohitaji jengo, mkutubi na bajeti ya kila mwaka. Ikisomwa kwa maana ya "librairies", itaeleweka kuwa inahusu biashara, kodi na mikopo ya wafanyabiashara. Sentensi zote mbili zinaleta maana katika sera ya vitabu. Kwa sababu hiyo kosa laweza kupita mikononi mwa wasomaji kadhaa bila kugunduliwa.

3.0 "Novel" na "nouvelle": riwaya au hadithi fupi?

Kiingereza na Kifaransa zilipata maneno haya kutoka chanzo kimoja cha Kiitaliano, "novella", yaani kisa kipya. Katika Kiingereza, neno "novel" lilianza kwa visa vifupi, kisha likahamia kwenye masimulizi marefu ya nathari. Kifaransa kiliyaita masimulizi marefu "roman" na kuliacha neno "nouvelle" kwa hadithi fupi. Aidha, umbo la wingi "nouvelles" hutumika pia kwa maana ya habari. Neno la Kiingereza linalokaribia "roman" kwa umbo ni "romance", ambalo leo huashiria hasa masimulizi ya mapenzi.

Mfano mzuri unapatikana katika kazi za mwandishi mzaliwa wa Rwanda, Scholastique Mukasonga. Kitabu chake cha mwaka 2010, L'Iguifou, kinatambulishwa kwa Kifaransa kuwa "nouvelles", nacho ni mkusanyiko wa hadithi fupi. Notre-Dame du Nil, kilichotoka mwaka 2012 na kupata tuzo ya Renaudot mwaka huohuo, ni "roman". Mwandaaji wa orodha ya vitabu vya shule anayeongozwa na umbo la neno atakiandika kitabu cha kwanza kama "novel" na kumpa mwanafunzi kazi ya kuchambua utanzu usiokuwapo. Akipitia Kiswahili, atalazimika kuchagua kati ya "hadithi fupi" na "riwaya", na uchaguzi huo ndio utakaomwonesha tofauti.

4.0 "Editor" na "éditeur": mhariri au mchapishaji?

Katika Kifaransa, "éditeur" ni mchapishaji, yaani mtu au kampuni inayogharimia kitabu, kukitoa na kukiuza. Katika Kiingereza cha leo, "editor" ni mhariri, yule anayesahihisha na kuandaa muswada. Mchapishaji huitwa "publisher".

Katika mkataba, mkanganyiko huu hugusa haki. Mchapishaji ndiye anayepewa idhini ya kutoa kazi na kuwajibika kumlipa mwandishi mrabaha. Mhariri hana mamlaka wala wajibu huo. Mwandishi aliyezoea Kifaransa, akisoma katika waraka wa Kiingereza kwamba "editor" atakubaliana naye kuhusu mabadiliko, huweza kudhani kwamba amekwisha kupatana na kampuni yenyewe. Kiswahili kinawatenganisha wahusika watatu: mhariri, mchapishaji na mpigachapa. Ni muhimu mgawanyo huo ulindwe, kwani katika mazungumzo ya kawaida kitenzi "kuchapisha" hutumika kwa kazi ya mchapishaji na ya mpigachapa pia.

5.0 "Lecture" na "alphabétisation"

Neno "lecture" huandikwa kwa herufi zilezile katika lugha zote mbili. Kwa Kifaransa ni usomaji, na kwa Kiingereza ni mhadhara. Historia inaeleza tofauti hiyo: katika vyuo vikuu vya Ulaya ya enzi za kati, mwalimu alifundisha kwa kuwasomea wanafunzi matini na kuifafanua. Kiingereza kilibaki na tendo la mwalimu, Kifaransa kikabaki na tendo la msomaji. Ndiyo maana "lecteur" ni msomaji lakini "lecturer" ni mhadhiri.

Hali kadhalika, "alphabétisation" kwa Kifaransa ni kuwafundisha watu kusoma na kuandika. Neno la Kiingereza linalofanana nalo humaanisha kupanga vitu kwa mpangilio wa alfabeti. Kile ambacho Kifaransa hukiita "alphabétisation" hukaribiana na "literacy" ya Kiingereza. Kiswahili kina neno "kisomo", lililoenea Tanzania katika miaka ya 1970 kupitia kampeni za elimu ya watu wazima na maelezo ya "kisomo chenye manufaa". Neno hilo linastahili kurejeshwa katika hati za sera badala ya kurefushwa kila mara kuwa "kujua kusoma na kuandika".

6.0 Upungufu wa Kiswahili: kitenzi "kusoma"

Ingekuwa kosa kudai kwamba Kiswahili hakina utata wake. "Anasoma Makerere" haimaanishi kwamba mtu ameshika kitabu, bali ni mwanafunzi wa chuo hicho. Kiingereza hutenganisha "read" na "study", ingawa matumizi ya Uingereza bado yanaruhusu mwanafunzi wa chuo kikuu "kusoma" taaluma fulani kwa kitenzi kilekile cha "read". Katika Kiganda, kitenzi chenye mzizi uleule kilipanuka zaidi: waongofu wa Buganda katika karne ya 19 waliitwa "abasomi", wasomaji, kwa kuwa dini na kusoma viliingia pamoja.

Utata huu unahusu sera moja kwa moja. Maneno "utamaduni wa kusoma" yakitumiwa kutafsiri "reading culture", msikilizaji anaweza kuelewa bidii ya shule na mitihani, na mpango ukaishia kuongeza vitabu vya kiada. Lengo la mpango wa namna hiyo huwa mara nyingi ni usomaji wa hiari, unaohitaji riwaya, hadithi za watoto na magazeti. Inafaa basi "usomaji" litumike kwa tendo la kusoma matini, "masomo" kwa elimu ya darasani, na "kisomo" kwa stadi ya awali ya kusoma na kuandika.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Mjadala huu unaonesha kwamba makosa mengi ya maana katika uwanja wa vitabu hutokana na kusafiri moja kwa moja kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Kiswahili kinaweza kuwa kituo cha ukaguzi katikati ya safari hiyo. Kinazungumzwa Bukavu, Goma na Lubumbashi, Buyenzi mjini Bujumbura na Nyamirambo mjini Kigali, na ni miongoni mwa lugha nne za taifa za Kongo.

Mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na wakutubi na wachapishaji kuandaa faharasa fupi ya lugha tatu kuhusu vitabu na usomaji, ikianza na maneno yaliyojadiliwa hapa. Pili, hati za sera zinazofasiriwa baina ya Kiingereza na Kifaransa zikaguliwe kwa kuweka istilahi ya Kiswahili kando ya kila neno lenye utata. Tatu, vyuo vya ualimu vifundishe maneno haya kwa jozi pamoja na historia yake, kwa sababu mwanafunzi anayejua jinsi maana zilivyoachana hana budi kusita kidogo anapokutana na neno analodhani analijua.