Mpaka wa Mlima Elgon na Maana ya Kutambuliwa

Mtu wa Kapsokwony akipanda Mlima Elgon hadi juu, atatoka Kenya na kuingia Uganda asione ukuta wala ua. Watu wa pande zote mbili ni ndugu. Wasabaot wa huku na Wasebei wa Kapchorwa husemezana bila mkalimani. Basi ni kitu gani kinachoufanya mteremko huu uwe Kenya na ule uwe Uganda?

Ni kutambuliwa. Shamba halithibiti kuwa la mtu kwa kusema kwake tu, bali kwa majirani kuukiri mpaka wake mbele ya wazee. Dola nazo ni vivyo hivyo. Iliyokwisha kukiri enzi ya mwenziwe juu ya nchi fulani, ni vigumu kurudi na kuidai.

Yafaa ifahamike kwamba hadi tarehe 1 Aprili, 1902, sehemu hizi zilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Siku hiyo Uingereza, iliyotawala kote kuwili, ilizihamishia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wenyeji hawakuulizwa. Mwaka 1926 amri ya Mfalme iliutaja mpaka kwa majina: mto Sio, Malaba, Lwakhakha, kilele cha Sudek, kisha mto Suam.

Uganda ilipata uhuru mwaka 1962, Kenya mwaka 1963. Julai 1964, wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Cairo wakaahidi kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Somalia na Morocco zilikataa. Uganda haikukataa.

Jambo hilo lilionekana uzito wake Februari 1976, Rais Idi Amin alipotangaza kwamba magharibi ya Kenya, hadi karibu na Nairobi, ilikuwa ya Uganda, akishika habari za mwaka 1902. Habari zenyewe hazikuwa za uongo. Ila ahadi ya Cairo ilikwisha kuzipita. Rais Kenyatta alijibu kwamba Kenya haitatoa hata inchi moja. Huko Mombasa wafanyakazi wa bandari walikataa kugusa mizigo ya Uganda, nchi isiyo na pwani. Haukupita muda mrefu Amin akasema hakukusudia vita, na Lwakhakha ukabaki mpaka kama ulivyoandikwa.