Mpunga mwitu wa bonde la Rukwa: nyasi, mkulima na afya

Kata ya Mamba, katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, imo katika bonde la Ziwa Rukwa, ambako kilimo cha mpunga ni tegemeo la kaya nyingi. Katika mabonde ya namna hii, kama ilivyo Usangu na Kilombero, huota nyasi ya asili ya Afrika iitwayo mpunga mwitu. Jina lake la kitaalamu ni *Oryza longistaminata*.

Nyasi hii hupenda mahali panapofurika masika na kukauka kiangazi. Huweza kupita urefu wa mita 2, punje zake zina ndevu ndefu, nazo hupukutika mara zikomaapo. Mashina yake hutambaa chini ya udongo. Kila kipande kilichokatwa na jembe huweza kuchipua upya.

Kwa wanasayansi, nyasi hii ni hazina. Jeni ya Xa21, inayoukinga mpunga dhidi ya bakteria wanaokausha majani, ilitokana na mpunga mwitu wa Mali na kutengwa maabarani mwaka 1995. Nchini China, uzao wake na mpunga wa kawaida ulileta aina ya PR23, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2018, ambayo huvunwa kwa miaka kadhaa bila kupandwa upya.

Kwa mkulima, hata hivyo, ni gugu sugu. Kwa kuwa ni ndugu wa mpunga, ukiwa mchanga ni vigumu kuutofautisha, na dawa inayouua huweza kuua mpunga pia. Hivyo palizi hufanywa kwa mkono, miguu ikiwa majini kwa saa nyingi. Hapo ndipo afya inapoingia: maji yaliyotuama yenye konokono huweza kubeba vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi isiyo na kinga, na majaruba ni mazalia ya mbu waenezao malaria.

Inashauriwa kulima shamba kiangazi ili mashina yakaushwe na jua, jambo linalopunguza palizi ya majini. Mpaliliaji avae buti za mpira, na haja ndogo wala kubwa isifanyiwe shambani. Anayeona damu katika mkojo au choo, au mwenye homa, awahi kupimwa kituoni. Kichocho hutibika kwa prazikwanteli. Kikiachwa, huharibu kibofu au ini.