Kupumua kwa Kiswahili

Majuzi nilialikwa na rafiki yangu wa tangu ujana kwenda Bongwe, katika Kaunti ya Kwale, kwa mapumziko ya mwisho wa juma. Ratiba aliyonikabidhi ilikuwa na mambo matatu ambayo sikuwahi kuyaona yakikaa pamoja katika karatasi moja: kuendesha baiskeli za mlimani, kufanya yoga, na kukaa faraghani ili kila mtu aitafakari nafsi yake. Nilicheka. Mtu wa makamo kama mimi, ambaye zoezi lake kubwa ni kupanda ngazi za idara akiwa amekumbatia karatasi za mitihani, ana haja gani na baiskeli? Isitoshe, Bongwe hakuna mlima.

Kwa faida ya msomaji asiyeijua Pwani ya Kusini, Bongwe iko karibu na Ukunda, mwendo mfupi kutoka hoteli za Diani. Ardhi yake ni tambarare. Anayetaka kupanda sharti aelekee bara hadi Milima ya Shimba, yenye vilele vya kama mita 450, ambayo ndiyo makao ya mwisho ya palahala nchini Kenya. Baiskeli hizi zilianza kuundwa huko Marin, California, katika miaka ya 1970, na vijana waliokuwa wakiteremka milima ya kwao kwa kasi ya kutisha. Zimefika Bongwe bila mlima wake. Hata hivyo mchanga mwingi na mizizi ya mikorosho vilitosha kunitoa jasho, na mara mbili nilianguka mbele ya watoto waliofurahi sana.

Jambo moja lilinikereketa siku hiyo ya Jumamosi. Tulipokuwa tukihangaika na magia yetu, alitupita mzee mmoja juu ya baiskeli kuukuu isiyo na gia hata moja, amepakia mitungi minne ya maji. Alitusalimu kwa adabu, akaendelea na safari yake. Yeye hakuwa katika mapumziko. Afrika Mashariki baiskeli ni punda wa chuma. Hata neno bodaboda lilizaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960, wakati vijana walipokuwa wakiwavusha watu na mizigo kwa baiskeli. Sisemi kuwa ni makosa kuifanya mchezo. Nasema tu kwamba nilipomwona mzee yule nilinyamaza kwa muda.

Basi turudi kwenye yoga, maana huko ndiko kulikonifanya niandike makala haya.

Mkufunzi wetu alikuwa binti wa Nairobi, hodari na mwenye subira. Alitupanga chini ya banda la makuti, kila mtu na mkeka wake wa mpira, akaanza kutuelekeza kwa Kiingereza. Wageni tulikuwa kumi na wanne, na wote isipokuwa wawili tulikuwa Wakenya. Nyuma yetu walikaa vijana wawili wa Bongwe, waliokuwa viongozi wetu wa njia. Walifuata kwa macho: tukiinua mikono nao wanainua, tukiinama nao wanainama. Tulipofumba macho, hawakuwa tena na la kufuata. Nilichungulia nikawaona wametukodolea.

Jioni rafiki yangu alitaja nia yake ya kuwaalika walimu na vijana wa pale kijijini safari ijayo. Mkufunzi akaniomba nimtafsirie maelekezo yake. Nilikubali kwa majivuno kidogo. Nani angenishinda kazi hiyo?

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Kiswahili kina utajiri wa ajabu katika habari ya pumzi. Pumua, pumzi na pumzika ni ndugu wa tumbo moja: kwa Mswahili, anayepumzika ni mtu aliyepata wasaa wa kuvuta pumzi. Mkufunzi alikuwa ametumia nusu saa kutueleza kwamba pumzi ndiyo mlango wa utulivu. Lugha yetu inalisema jambo hilo kwa kitenzi kimoja. Nafsi nayo tumeipata kutoka Kiarabu, pamoja na nafasi, na mzizi wa maneno hayo mawili ni ule ule wa kuvuta pumzi. Hata yoga yenyewe ni neno la Kisanskriti lenye maana ya kuunganisha, kama ng'ombe wawili wanavyounganishwa kwa nira. Nilimweleza binti yule yote hayo, naye akayaandika. Mwalimu akipata mwanafunzi msikivu hujisahau.

Kisha tukafika kwenye sentensi iliyonishinda. Alitaka kuwaambia watu wayaangalie mawazo yao bila kuyahukumu. Nikasema, "Zitazame fikra zako bila kuzihukumu." Kijana mmoja akacheka: "Mwalimu, kwani fikra zimeshitakiwa?" Nikajaribu "bila kuzitathmini", nikajisikia nimeingia katika kikao cha kamati ya mitaala. Nikajaribu mengine matatu, yote sahihi kisarufi na yote yamekufa.

Mama aliyetupikia alikuwa akikuna nazi karibu nasi. Asubuhi alikuwa ameniuliza swali la haki kabisa: "Mwalimu, hii mnayofanya ni ibada ama ni mazoezi?" Wadigo wengi ni Waislamu, na swali hilo halikuwa la ujinga. Nilimjibu kwamba chimbuko lake ni India, katika falsafa na dini za huko, ila pale sisi tulikuwa tukinyoosha viungo na kutulia, na anayeona haimfai asilazimishwe. Aliridhika, akasema kwamba wazee wao hukaa itikafu msikitini katika kumi la mwisho la Ramadhani, na kwamba jirani zake Wakristo huenda mafungo. Kukaa kando na dunia hakukuwa jambo geni kwake.

Aliposikia ninavyohangaika, aliweka mbuzi yake chini akasema: "Baba, waambie hivi. Wazo ni mpita njia. Akikusalimu mwitikie, lakini usimpe kiti."

Wale vijana walitikisa vichwa papo hapo. Mkufunzi aliponiomba nimtafsirie kwa Kiingereza, alikaa kimya kisha akasema kwamba hajawahi kulieleza vizuri namna hiyo. Mimi nilijaribu kulitazama wazo langu la aibu likipita. Nililipa kiti.

Ndugu zangu walimu, tangu 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule zetu, na Katiba ya 2010 ikakifanya kuwa lugha rasmi. Bado husikika katika vyumba vya walimu, na hata katika idara kama yangu, kwamba hakina istilahi za mambo ya ndani ya nafsi. Nakiri kwamba mimi pia nimewahi kuafiki. Nilichokikosa Bongwe hakikuwa istilahi. Nilikuwa nikitafuta neno katika kamusi ilhali lilikuwa kwenye mbuzi ya nazi, hatua nne kutoka nilipoketi.

Jumapili asubuhi tulikwenda kwa baiskeli hadi Kaya Kinondo. Huu ni msitu mtakatifu wa Wadigo, wa hekta 30 hivi, mmojawapo wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Baiskeli tuliziacha nje. Tulifungwa kaniki kiunoni, tukaonywa tusichume wala tusiokote kitu, hata jani lililoanguka. Tukatembea kimya nyuma ya mwenyeji wetu, kati ya miti mirefu isiyokatwa. Hakuna aliyetuagiza kutafakari. Sikusikia hata mmoja wetu akizungumza.

Tulipotoka jua lilikuwa kali. Kijana yule wa swali la mashitaka akaninyoshea chupa: "Mwalimu, madzi." Halafu akanitazama usoni, akajisahihisha haraka: "Maji."

Msomaji utadhani ni jambo dogo. Kwangu lilikuwa kama kuchomwa mwiba. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mhadhiri mchanga, niliwasomesha darasa moja kwa sauti, mwanafunzi mmoja mmoja. Kijana mmoja kutoka Kwale alisoma vizuri hadi alipofika kwenye neno hilo hilo, akalitamka kama alivyolitamka mama yake. Nilimkatiza nikamwiga. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Muhula uliofuata hakuwa tena katika orodha yangu. Nilisikia amehamia somo jingine.

La kusikitisha zaidi ni kwamba juma lile lile niliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu kwamba penye j ya Kiswahili sanifu, mara nyingi Chidigo kina dz: madzi kwa maji, dzino kwa jino, dzina kwa jina, dzana kwa jana. Niliandika mifano hiyo ubaoni, nikaieleza kuwa ni ushahidi mzuri wa undugu wa lugha za Kibantu. Ubaoni ilikuwa ushahidi. Kinywani mwa mtoto wa watu ilikuwa kichekesho.

Alasiri tuligawiwa madaftari, kila mtu akae peke yake kwa saa moja aandike lililo moyoni. Nilikaa chini ya mwembe nikajaza ukurasa mzima kabla ya kugundua kuwa nilikuwa nikiandika Kiingereza. Ndiyo, mimi ninayewahimiza wanafunzi wakionee fahari Kiswahili. Ukurasa ulikuwa safi: mambo ya shinikizo la kazi na kukosa uwiano katika maisha, na hakuna aliyetajwa kumkosea mwenzake. Nikauchana, nikaanza upya kwa Kiswahili. Sentensi ya kwanza ilikuja fupi: "Nilimcheka mtoto wa watu." Nilijaribu kuipamba, ikakataa.

Mkufunzi alipopiga kengele sikuwa nimemaliza. Nilimwomba yule kijana aliyetupa maji aketi nami kidogo, nikamuuliza majina ya miti iliyotuzunguka kwa Chidigo. Mwanzoni aliniambia kwa Kiswahili. Nilipomwambia nataka ya nyumbani, alinitazama kwa shaka, kisha akaanza kuitaja polepole, nami nikaandika.

Sasa ninamtafuta yule mwanafunzi wangu wa zamani. Nimepata habari kwamba ni mwalimu, tena katika kaunti ile ile ya Kwale. Barua nimekwisha kuiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na maelezo mengi ya fonolojia, nikaitupa.