Video haikwami sana nakala yake ikiwa karibu

Mkazi wa Nairobi akifungua filamu ya Kimarekani kwenye simu, mara nyingi picha haimfikii kutoka Marekani. Hutoka kwenye seva ya akiba iliyo mjini humo humo, ambayo tayari ina nakala yake.

Faida kubwa iko kwenye mzigo. Filamu ya saa mbili inayotiririka kwa megabiti 5 kwa sekunde ina gigabaiti 4.5. Watu 1,000 wakiitazama kutoka seva ya ng'ambo, gigabaiti 4,500 zitapita kwenye mkongo wa baharini. Seva ya akiba ikiwepo, filamu inaweza kuvuka bahari mara moja tu.

Video haihifadhiwi ikiwa nzima. Hukatwa vipande vya sekunde chache. Vikiwa vya sekunde sita, filamu hiyo ina vipande 1,200, na kila kiwango cha ubora kina vyake. Simu huomba kimoja baada ya kingine. Seva iliyo nacho hukitoa papo hapo. Isiyo nacho hukifuata kwenye seva mama, humpa mtazamaji na kubaki na nakala. Kwenye mechi inayorushwa mubashara, mamia huomba kipande kimoja kwa wakati mmoja. Seva iliyopangwa vizuri hutuma ombi moja tu, kisha hugawa jibu kwa wote.

Kwa kuwa diski hujaa, kwa kawaida kisichoombwa kwa muda mrefu ndicho hufutwa kwanza. Mwaka 1999, watafiti Subhabrata Sen, Jennifer Rexford na Don Towsley walipendekeza seva ihifadhi mwanzo wa video, ili mtazamaji aanze mara moja huku sehemu iliyobaki ikiletwa. Netflix hukadiria mapema kitakachopendwa, kisha hujaza seva zake saa ambazo mtandao hauna msongamano.

Kenya imeona matunda ya seva hizi. Kwa mujibu wa Internet Society, kati ya 2012 na 2020 mawasiliano ya intaneti yanayopatikana ndani ya nchi yalipanda kutoka asilimia 30 hadi 70, kwa msaada wa seva za akiba na kituo cha kubadilishana mawasiliano cha KIXP. Bando la mtazamaji huisha vile vile, lakini mtoa huduma wa intaneti hupunguza gharama ya kupitisha data baharini.

Tatizo ni kwamba video nyingi sasa husafiri zikiwa zimefichwa kwa msimbo, hivyo mtoa huduma hawezi kujitengenezea nakala. Mwenye video ndiye anayepaswa kuleta seva yake au kukodi nafasi kwenye seva za wengine. Makampuni makubwa yamefanya hivyo. Lakini mtayarishaji wa Kisumu au Mwanza aliyeweka kazi yake kwenye seva moja tu ya Ulaya huwalazimisha majirani zake kuifuata huko. Vyombo vyetu vya habari, vyuo na wasanii waweke video zao kwenye seva za hapa nyumbani. Watazamaji wao wako hapa.